Everest 1996: nani alitakiwa kusema "tunarudi"?

Kuna dada wa Eldoret kaniuliza swali, nalifupisha. Anasema toka Mkenya Cheruiyot Kirui afariki Everest mwezi wa 5 2024 amekuwa akisoma habari za milima, amefika kwenye ile ajali ya 1996 iliyoua watu 8, na kila anapogusa anakuta analaumiwa mtu tofauti, mara kiongozi, mara mteja tajiri, mara yule Mrusi, mara dhoruba. Sasa mdogo wake anapanda Kilimanjaro Desemba na wenzake wa kazini. Anauliza: mtu akilipa kuongozwa halafu akafia mlimani, lawama ni ya nani?

Dada yangu, nianze na jibu halafu maelezo yafuate. Kwa 1996 mimi lawama kubwa naiweka kwa wakuu wa misafara miwili, Rob Hall na Scott Fischer, na nasema hivyo nikijua wote wawili walifia huko huko juu, na kwamba walikuwa wapandaji wa kiwango ambacho wengi wetu tunaoishi kwa kazi hii ya kuongoza wageni mlimani hatutakifikia. Ila kosa lao sio la usiku ule wa dhoruba ambao ndo kila mtu anausimulia. Kosa ni la mchana, kati ya saa 7 na saa 10, hali ya hewa ikiwa bado inaonekana nzuri tu.

Twende taratibu. Hall alikuwa mtu wa New Zealand, kampuni yake Adventure Consultants, mgeni alikuwa analipa kama dola 65,000. Fischer Mmarekani wa Seattle, kampuni yake Mountain Madness, na yeye ndo kwanza alikuwa anaingia kwenye biashara ya kupeleka wageni Everest. Wakaondoka kambi ya juu kabisa, South Col, karibu mita 7,900, kwenye saa 6 usiku wa kuamkia tarehe 10 Mei, na kuna msafara wa Taiwan nao ukatoka usiku huo huo, kwa hiyo ukijumlisha ni watu zaidi ya 30 wanafuatana kwenye njia moja nyembamba. Juu ya mita 8,000 hewa unayovuta ina oksijeni kama theluthi moja ya ile ya Mombasa, mwili unakufa kidogo kidogo hata kama umekaa tu umetulia, na chupa ya oksijeni uliyobeba ina masaa yake, yakiisha yameisha. Ndo maana kuna kitu kinaitwa saa ya kurudi. Popote ulipo ikifika hiyo saa unageuza, hata kama kilele unakiona kwa macho, hata kama zimebaki mita 50.

Saa yenyewe siku ile ilikuwa ngapi? Hapo ndo pa kushangaza. Kwa Hall ilitajwa saa 7 mchana, ikatajwa na saa 8, lakini asubuhi ile hakuna aliyesimama akasema ni hii. Mtu mzima mwenye uzoefu wote ule anaacha kitu cha namna hiyo kinaelea hewani.

Halafu kamba. Wakuu hawa wawili walishakubaliana kwamba Masherpa, yaani wenyeji wa Nepal wanaofanya kazi ya mlima, wa pande zote mbili watatangulia kufunga kamba sehemu ngumu ili wageni wakifika wapite bila kusubiri. Haikufanyika. Lopsang Jangbu, mkuu wa Masherpa wa Fischer, alikuwa nyuma anamvuta mgeni mmoja kwa kamba, na Masherpa wa Hall nao hawakwenda peke yao. Wageni wakafika wakakuta hakuna kitu, wakasubiri karibu na Balcony, pale pa kupumzikia njiani, wakasubiri tena chini ya Hillary Step, ule ukuta mfupi wa mwamba karibu na kilele, mpaka wakatokea waongozaji wa kufunga kamba hapo hapo huku watu wamepanga foleni na oksijeni inaisha. Ukitafuta mahali ajali ilipoanzia, mimi nakuonyesha hapo kwenye foleni.

Sasa angalia nani aliyegeuza. Saa 5 na nusu asubuhi wageni watatu wa Hall, Stuart Hutchison, John Taske na Lou Kasischke, wakapiga hesabu kwenye ile foleni, wakaona hawatafika kwa muda, wakashuka. Wamelipa hela ile ile, wametaabika wiki zile zile, wakashuka na wakapona. Kwa hiyo sheria ya saa waliishika wateja! Anatoli Boukreev, yule Mrusi, mwongozaji wa Fischer, alikuwa juu kwenye saa 7 na dakika kidogo, na waliokuwa karibu naye wakafika muda unaoeleweka, lakini Fischer mwenyewe alifika kama saa 9 na dakika 45, akiwa mgonjwa na amechoka vibaya. Na Hall, aliyefika kabla yake, akabaki kule juu kumsubiri mgeni wake Doug Hansen, ambaye aligusa kilele kwenye saa 10. Saa 10 jioni juu ya Everest, dada yangu, hiyo ni hukumu. Hata bila dhoruba yule mtu angeshuka gizani bila oksijeni.

Kwa nini Hall alifanya hivyo? Hansen alikuwa mfanyakazi wa posta, sio tajiri. Mwaka 1995 alipanda na Hall huyo huyo, wakafika karibu sana, South Summit, kilele kidogo kilicho chini kidogo ya kile chenyewe, Hall akamgeuza kwa sababu muda umeisha. Alifanya sahihi kabisa. Halafu baada ya hapo Hall mwenyewe akawa anampigia simu kumbembeleza arudi 1996, akampunguzia na bei. Hapo mimi naona kila kitu. Ukishamwambia mtu "njoo tena, safari hii utafika" umejifunga mikono, maana siku ya pili kumgeuza ni kama kumdhulumu. Na 1995 hakuna mgeni wa Hall aliyefika kileleni, mshindani mpya Fischer yuko pembeni, kwenye kundi la Hall kuna mwandishi wa habari wa jarida la Marekani, kwenye kundi la Fischer kuna mwanamama anayetuma taarifa kwenye tovuti ya televisheni. Jiweke kwenye viatu vya mwenye kampuni. Ni kama dereva wa basi ambaye abiria wote wanampigia makofi akimbize, ila usukani bado ni wake, na polisi hawatamwandikia abiria.

Usiku wenyewe nitapita haraka. Dhoruba ikaingia jioni. Kundi la watu 11 likapotea pale South Col, mahema yako karibu kabisa lakini huoni hata mkono wako, wakajikunyata kusubiri upungue. Kulipofunguka kidogo wenye nguvu wakatoka kutafuta kambi, wakabaki watano. Boukreev akatoka hemani peke yake kwenye upepo ule akawaokoa watatu. Wakabaki Yasuko Namba, Mjapani wa miaka 47, na Beck Weathers, daktari wa Texas. Namba akafa. Hall alikaa usiku mzima karibu na South Summit, kesho yake wakamuunganishia redio na simu ya setilaiti akaongea na mke wake aliyekuwa mjamzito huko New Zealand. Wote tumelia kwa hiyo simu, lakini isitufanye tusiulize maswali. Mkuu wa Masherpa wake, Ang Dorje, na mwenzake walipanda tarehe 11 kumfuata, upepo ukawarudisha. Upande wa kusini wakafa watano: Hall, Fischer, Hansen, Namba na Andy Harris ambaye alikuwa mwongozaji wa Hall.

Sasa huyu Boukreev, maana umemtaja. Kosa analosemwa ni kwamba alipanda bila oksijeni ya chupa huku ameajiriwa kuongoza watu, halafu akashuka mapema akawaacha wageni nyuma. Sehemu ya kwanza nakubali, mimi mwongozaji wa wageni asiyevuta oksijeni mita 8,800 simtaki, kwa sababu bila chupa mwili unapoa haraka na huwezi kusimama ukamsubiri mtu. Hata kushuka kwake mapema chanzo ni hicho hicho. Ila ya pili, yeye alisema Fischer alikubali ashuke awe tayari kambini kama kuna shida, wengine hawaamini, Fischer hayupo wa kusema. Ninachokiona ni kwamba yeye ndo alitoka hemani. Wengine hawakuweza hata kusimama, na siwalaumu, lakini huwezi kuchukua mtu aliyeokoa watatu ukamfanya ndo mkosaji mkuu halafu wakuu waliopuuza saa yao wenyewe ukawaacha wapumzike kama mashujaa. Klabu ya wapanda milima ya Marekani ilimpa tuzo ya ushujaa Desemba 1997, na siku ya Krismasi mwaka huo huo maporomoko ya theluji yakamuua kwenye mlima Annapurna, Nepal.

Na ukisoma mashahidi kuwa makini sana. Andy Harris alifika South Summit akasisitiza kwamba chupa za oksijeni pale zote tupu, kumbe zilikuwepo zilizojaa. Mwongozaji kabisa, kijana mwenye nguvu, ubongo umekosa hewa anasoma geji vibaya. Na yule mwandishi wa habari akaandika kwamba alimwona Harris akifika karibu na mahema, watu wakaamini hivyo kwa muda, baadaye akagundua alimchanganya na mgeni wa kundi la Fischer. Kwa hiyo anayekuambia anajua fulani alimwambia nini fulani saa ngapi kule juu, msikilize lakini usimuamini moja kwa moja. Saa ya kurudi inawekwa chini, kabla ya kupanda, kwa sababu hiyo hiyo: ukifika juu kichwa chako sio cha kutegemea tena.

Kuna watu pia wanamlaumu Hutchison. Huyu ndo yule aliyegeuza saa 5 na nusu. Asubuhi ya tarehe 11 akatoka na Masherpa kuwatafuta Namba na Weathers, wakawakuta wamefunikwa na barafu, bado wanapumua kwa mbali. Akashauriana na wenzake, wakaamua kuwaacha, kwa sababu hata wakibebwa hawatafika chini hai na waliobaki hawana nguvu. Halafu Weathers akaamka mwenyewe mchana akatembea mpaka kambini! Baadaye rubani wa jeshi la Nepal, Madan Khatri Chhetri, akamchukua kwa helikopta juu ya mita 6,000, mahali ambapo helikopta za wakati ule zilikuwa zinahangaika hata kuelea. Alipoteza mkono mmoja kuanzia chini ya kiwiko, vidole vya mkono mwingine na pua, lakini akaishi. Sasa je, Hutchison alikosea? Kwa matokeo unaweza kusema ndiyo. Kwa alichokuwa anakijua saa ile, hapana, na mwanadamu huhukumiwa kwa alichokuwa anakijua. Mimi ningefanya kama yeye na nisingelala vizuri maisha yangu yote.

Upande wa kaskazini, wa Tibet, siku hiyo hiyo walikufa Wahindi watatu wa kikosi cha polisi wa mpakani, Tsewang Samanla, Dorje Morup na Tsewang Paljor. Kesho yake Wajapani wakawapita wakielekea kileleni, likazuka zogo kubwa kwamba waliwaacha wakiwa hai, Wajapani wakakataa. Hawa hawakuwa wateja wa mtu na hakuna kampuni iliyolipwa kwa ajili yao, kwa hiyo swali la lawama pale ni lingine, ni la mtu na mtu. Ila ona jinsi wanavyosahaulika. Wengi wanaosimulia 1996 wanasema walikufa watano.

Kitu kinachoniuma zaidi kwenye ile ajali ni ukimya. Hall aliwaambia wageni wake kabla ya kupanda kwamba kule juu neno lake ni sheria, hataki mjadala. Kwa upande mmoja ni sahihi, huwezi kuwa na kikao mita 8,700. Lakini ukijipa mamlaka yote halafu wewe ndo ukawa wa kuvunja saa, nani atakugeuza wewe? Neal Beidleman, mwongozaji wa tatu kwa Fischer, alisema baadaye kwamba kwa cheo chake hakujiona na nguvu ya kuwaambia wageni wageuze. Na hakuwa hata na redio, yeye na Boukreev hawakupewa. Sisi wa Kilimanjaro tunaijua hiyo sana. Mwongozaji msaidizi anaona mgeni anayumba, anamwangalia kiongozi mkuu, kiongozi mkuu anamwangalia mgeni, mgeni anasema "I am fine", na kila mmoja anahesabu tipu yake kichwani. Hakuna mtu mbaya pale. Lakini hakuna aliyesema.

Kwa hiyo mteja naye hana lawama? Anayo, ila ni ndogo na ni ya chini ya mlima. Kama umedanganya afya yako kwenye fomu, kama umeficha kichwa kinauma kwa siku tatu, hiyo ni juu yako. Lakini ukishafika juu, ubongo umekauka hewa, ukisema "naendelea" hilo sio jibu la mtu mwenye akili timamu, na aliyelipwa analijua hilo ndo maana kalipwa. Fomu uliyosaini kwamba unapanda kwa hatari yako haimwondolei kazi yake. Sio kazi ya kukufikisha, wala ya kukuhakikishia hutakufa, hakuna anayeweza hilo. Kazi yake ni kufanya kila kinachotakiwa kwa wakati wake, na kugeuza kwa saa ni kitu cha kwanza kabisa.

Nirudi kwa Kirui, kwa heshima zote maana ni msiba wa juzi na familia ipo. Yeye alitaka kufika bila oksijeni ya chupa, ni uamuzi wake na alijiandaa, sio mtu aliyekurupuka. Kampuni ya Nepal waliyopanda nayo ilieleza kwamba mwongozaji wake, Nawang Sherpa, alipiga redio kutoka karibu na kilele akasema Kirui ameanza kuwa na tabia isiyo ya kawaida, anakataa kugeuza na anakataa chupa. Baada ya hapo kimya. Mwili wa Kirui ukaonekana mita chache chini ya kilele, Nawang hakuonekana. Familia ikaamua mwili ubaki huko ili watu wengine wasihatarishe maisha kuushusha, na mimi nawavulia kofia. Ila dada yangu nikuombe kitu, kwetu huku tuliandika Kirui, Kirui, Kirui. Nawang naye alikuwa na watu wake. Hakumwacha mgeni wake. Je, mtu aliyeajiriwa anatakiwa kufa na mgeni aliyekataa kushuka? Mimi nasema hapana, kuna hatua ambapo mwongozaji ana haki ya kushuka peke yake na asilaumiwe na mtu yeyote. Lakini hakuna anayetuandikia hivyo kwenye mkataba.

Ndo maana mjadala wa lawama unaoanza na kuishia kwa wageni na wakuu wa misafara naona haujafika. Tarehe 18 Aprili 2014 barafu iliporomoka Khumbu, kwenye njia ya Everest upande wa Nepal, ikaua Wanepali 16 waliokuwa wanapeleka mizigo na kutengeneza njia, hakuna mgeni hata mmoja aliyekufa. Serikali ikaanza kwa kutoa rupia 40,000 kwa familia, kama dola 400, wakati ada ya kibali inaingiza mamilioni ya dola kila msimu. Masherpa wakagoma, msimu ukafa. Julai 2023 huko K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, mpagazi wa Pakistani, Mohammad Hassan, alianguka sehemu nyembamba ya njia, hakuwa na nguo za kutosha wala oksijeni, na makumi ya watu wakampita kuelekea kileleni. Waliompita walitukanwa dunia nzima, sawa, lakini aliyempeleka juu kabisa bila vifaa ndo wa kuulizwa kwanza.

Sasa mdogo wako. Kilimanjaro sio Everest, hakuna kamba wala chupa kwenye njia za kawaida, lakini mita 5,895 inaua kwa ugonjwa wa mwinuko na inaua watu wenye afya njema. Amwulize anayewauzia safari hivi, na asikilize anavyojibu: nani ana neno la mwisho la kumgeuza mgeni usiku wa kilele, na je, msaidizi anaweza kumgeuza mtu bila kusubiri mkuu. Wamebeba oksijeni ya dharura, na nani anajua kuitumia. Kundi la watu 10 wakigawanyika, waongozaji wanatosha kushuka na mgonjwa bila kuwaacha wengine peke yao? Wagumu, yaani wapagazi, wanalipwa kiasi gani, wanalala wapi, mzigo unapimwa getini kwamba hauzidi kilo 20 au hapana. Hilo la wagumu usilione la pembeni, kampuni inayombania mpagazi jaketi itambania na mgeni oksijeni.

Usiku wa maelekezo, kabla ya kwenda kulala, amwambie kiongozi mbele ya wenzake wote: nikianza kuyumba kama mlevi, nikishindwa kutembea mstari mmoja ulionyooka, nikikohoa mapovu ya pinki, nishushe hata nikikukatalia, na tipu yako iko pale pale. Sentensi hiyo ya tipu asiisahau, inamwondolea kiongozi mzigo mkubwa kuliko anavyodhani. Kundi zima likisema hivyo ndo vizuri zaidi, maana wenzake wa kazini ndo hatari kuliko mlima, hakuna anayetaka kurudi ofisini Januari akiwa yeye peke yake hakufika kilele cha Uhuru. Na akichagua njia achukue ya siku 7 au 8, aachane na ya siku 5 hata kama ni bei rahisi, hela aliyookoa hapo ndo inayokuja kulipia machela.

Akishalipa nitumie njia waliyompa na idadi ya siku, nitakuambia usiku gani wa kuwa karibu na simu.